Tumbo la Timoteo

Andiko letu la juma hili ni fupi: 1 Timoteo 5:23. Fungueni Biblia zenu msome wenyewe. Mtume Paulo anaandika juu ya tumbo la Timoteo, linalomsumbua mara kwa mara. Anamshauri asinywe maji peke yake, atumie na divai kidogo.

Tunajua mstari huu unapendwa na nani. Kuna ndugu wasiojua mstari wa pili wa Biblia, lakini huu wanaujua kwa kichwa, na wanautaja wakiwa na chupa mkononi. Leo tuwaache. Wakati ule maji ya miji mikubwa yalikuwa machafu, na kuchanganya divai kidogo katika maji lilikuwa jambo la kawaida. Sisi leo tuna mbabula na sufuria ya kuchemshia maji. Jambo tunalotaka mlione ni lingine.

Tazameni Timoteo alikuwa wapi. Ukisoma 1 Timoteo 1:3 utaona kwamba Paulo alimwacha Efeso. Sasa fungua Matendo 19:11-12. Mji gani ule ambamo watu walichukua vitambaa vilivyogusa mwili wa Paulo, wakavipeleka kwa wagonjwa, na wagonjwa wakapona? Ni Efeso, mji uleule. Lakini mwana wake wa imani alipougua tumbo katika mji huo, Paulo hakumtumia kitambaa. Hakumwuliza nani amemloga. Alimwandikia shauri juu ya kile anachokunywa. Imani ya Paulo haikuwa imepungua. Alijua tu kwamba tumbo lina mambo yake, na mengi ya mambo hayo yanaanza mezani.

Tunaandika haya juu ya jambo tunaloliona kila siku ya Mungu. Tukiita wenye shida waje mbele kwa maombezi, tumbo halikosi. Mmoja anasema linaunguza. Mwingine linajaa gesi mpaka hawezi kupumua vizuri. Mwingine ana siku nne hajaenda chooni. Tunawaombea, na tutaendelea kuwaombea, kwa sababu Bwana anaponya. Lakini sasa tumejifunza kuuliza maneno matatu kabla ya kuweka mikono: Jana ulikula nini? Ulikula saa ngapi? Na baada ya kula ulifanya nini? Majibu yanafanana sana. “Bukari, pasta.” Saa ngapi? “Saa nne ya usiku.” Na baadaye? “Nililala.”

Basi tueleze kidogo namna Mungu alivyoliumba tumbo.

Kazi ya kusaga chakula inaanza mdomoni. Mate si maji tu, yana dawa yake inayoanza kuvunja unga wa chakula. Na hapa sisi watu wa bukari tuna desturi yetu: tonge la bukari hatulitafuni, tunalimeza. Mtoto akitafuna sana bukari tunamcheka. Meno yanakosa kazi, mate yanakosa nafasi, na tumbo linapokea mawe. Baada ya mdomo chakula kinashuka katika mfuko wa tumbo, ambamo kuna asidi kali. Kinakaa humo kama saa mbili mpaka saa nne, na kikiwa na mafuta mengi kinakaa zaidi. Halafu kinaingia katika utumbo mwembamba, ambao kwa mtu mzima una urefu wa karibu metre 6. Humo ndimo nguvu ya chakula inapoingia katika damu. Mabaki yanaingia katika utumbo mnene. Huko maji yananyonywa, na vijidudu vingi sana, ambavyo Mungu amevifanya wasaidizi wetu, vinafanya kazi juu ya kile kilichobaki.

Juu ya mfuko wa tumbo kuna mlango wa nyama unaozuia asidi isipande kifuani. Ukiwa umesimama au umekaa, uzito wa chakula unakusaidia, kwa sababu kinavutwa chini. Ukilala mara moja na tumbo limejaa, asidi inapata njia ya kupanda. Ndiyo ule moto wa kifuani unaokuamsha saa saba ya usiku. Wengine wanafikiri ni moyo, wengine wanafikiri ni mshale wa usiku. Mara nyingi ni bukari ya saa nne na samaki wa kukaanga.

Tunajua kwa nini tunakula usiku. Si ulafi. Baba anatoka asubuhi kutafuta, mama yuko sokoni, na pesa ya unga inaonekana jua likiisha kuzama. Ndipo makala yanunuliwe, mbabula iwashwe, sombe ipikwe. Katika nyumba nyingi za waamini wetu chakula cha kweli ni kimoja kwa siku, na kinakuja usiku. Mtu ambaye hajala tangu jana yake hawezi kula kidogo. Kwa hiyo hatutaandika hapa kama watu wa magazeti ya Ulaya, juu ya tufaha na maziwa ya mgando na kula mara tano. Tutaandika juu ya kile kinachowezekana katika kiwanja cha Bel-Air.

Kinachowezekana cha kwanza ni kugawanya. Bukari ileile ya usiku, kama ni ya watu sita, toa sehemu ndogo, ifunike vizuri, iwe ya asubuhi, na ichomwe juu ya makala au ipashwe moto mpaka ndani. Au ukitoa unga wa usiku, weka kando vijiko vichache vya uji wa asubuhi, na ukipata karanga za kusaga uongeze. Kikombe kimoja cha uji saa moja ya asubuhi kinafanya njaa ya usiku isiwe ya simba. Cha pili, baada ya kula usiku usilale mara moja. Kaa, ongea na watoto, someni Neno, ombeni pamoja. Saa mbili zikipita ni vizuri. Zikikosekana saa mbili, hata saa moja inasaidia. Na mwenye moto wa kifuani aweke matofali chini ya miguu ya kitanda, upande wa kichwa, ili kifua kiwe juu kuliko tumbo. Matofali hayakosekani Lubumbashi.

Sasa turudi kwa unga wenyewe. Wazee wetu wanakumbuka kwa nini siku moja ya juma inaitwa siku ya posho. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilikuwa inawapa wafanyakazi wake chakula kwa kipimo, na unga wa mahindi ulikuwa wa kwanza. Gécamines ikaendelea kutoa mifuko ya unga. Hivyo mji mzima ulijifunza kula mahindi, hata watu ambao babu zao walikula mtama, ulezi, muhogo na maharagi. Mahindi si mabaya. Lakini siku hizi tunataka bukari nyeupe kama karatasi. Ganda la mahindi linaondolewa mashini, pamoja na kile kiini chenye mafuta na vitamini. Makapi yanakwenda kwa kuku na nguruwe. Tunawapa nyama za nyumbani sehemu inayosafisha tumbo, halafu tunashangaa kwamba choo kimekuwa kigumu.

Juu ya jambo hili kuna munganga mmoja tunayependa kumtaja, kwa sababu alikuwa mwamini wa kweli, na kwa sababu alijifunza kwa kutazama Waafrika. Jina lake ni Denis Burkitt. Alizaliwa Ireland mwaka 1911, na akiwa mtoto alipoteza jicho moja. Mwaka 1946 alifika Uganda kuwa munganga wa upasuaji, kwanza Lira, kisha hospitali ya Mulago, Kampala. Dunia inamjua kwa ugonjwa wa kansa ya watoto unaobeba jina lake, ambao aliuandika mwaka 1958. Ili kujua ugonjwa ule unafika wapi, mwaka 1961 aliendesha gari la zamani pamoja na wenzake wawili, kilometre karibu 16,000, kutoka Uganda kwenda kusini mwa Afrika, akiuliza hospitali kwa hospitali.

Lakini jambo la pili alilolishughulikia ndilo letu leo. Aliona kwamba katika vijiji vya Uganda hakupata magonjwa ya utumbo yaliyojaza hospitali za Uingereza: bawasiri, utumbo wenye vifuko, choo kigumu cha miaka. Akaanza kuuliza swali ambalo watu waliona aibu kuliuliza: kinyesi chako kina uzito gani, na chakula kinakaa ndani saa ngapi? Mwaka 1972 yeye na wenzake waliandika matokeo. Kwa wanavijiji wa Uganda chakula kilipita tumboni kwa saa kama 36, na kinyesi cha siku kilikuwa na uzito wa karibu gramu 470. Kwa askari wa majini wa Uingereza chakula kilichukua zaidi ya saa 80, na kinyesi kilikuwa kama gramu 104 tu. Tofauti aliyoiona yeye ilikuwa nyuzi za mimea: ganda la nafaka, maharagi, majani, viazi. Nyuzi hizi mwili hauzisagi, lakini zinashika maji, zinafanya kinyesi kuwa laini na kingi, na zinalisha vile vijidudu vizuri vya utumbo mnene.

Munganga yule alizunguka dunia akihubiri maharagi na mkate wa ngano nzima kwa watu wa Ulaya na Marekani. Na sisi, wajukuu wa watu aliowasifu, tunakimbilia unga mweupe, mkate mweupe na sukre kwa sababu tunaona ni maendeleo. Tuseme wazi: sahani ya sombe, lengalenga au matembele, pamoja na maharagi, ni chakula cha heshima. Mtu akikukaribisha na maharagi asiombe radhi.

Shauri letu kwa mama wa nyumba ni hili. Ukienda mashini, omba unga usiokobolewa sana, angalau mara moja kwa juma, au changanya nusu kwa nusu mpaka watoto wazoee. Katika sahani punguza mlima wa bukari kidogo, na uongeze majani. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Kwa macho yetu hiyo ni mafungu matano, kila fungu kama kiganja kilichojaa. Wakati wa embe, embe ni dawa ya choo kuliko vidonge vingi. Paipai pia, na avoka. Viazi vitamu vya kuchemsha vinashinda vitumbua vya mafuta kwa chakula cha asubuhi. Maharagi yanatia gesi, ni kweli. Yaloweke usiku mzima, mwaga maji yale, yapike kwa maji mapya mpaka yalainike kabisa. Gesi itapungua. Anayeanza kula nyuzi nyingi aanze polepole na aongeze maji ya kunywa, maana nyuzi bila maji zinafunga kuliko kufungua. Mtu mzima katika joto letu la Oktoba anahitaji litre mbili kwa siku, na anayefanya kazi ya jua zaidi. Na hata kutembea kunasaidia utumbo kutembea.

Sombe ipondwe vizuri na ichemke muda mrefu bila kufunikwa sana, kwa sababu majani ya muhogo na muhogo mchungu vina sumu inayotoka kwa kulowekwa na kwa moto. Bibi zetu walijua hili bila kusoma. Anayefanya haraka ili kupunguza makala anaiacha sumu ndani ya chungu.

Kuna mambo mawili ambayo wamama wetu wanatuuliza kwa siri, na tutayajibu hapa bila siri. La kwanza ni lavema. Katika nyumba nyingi mtoto akilia tumbo, pampu inatafutwa, na maji ya mizizi au ya pilipili yanaingizwa kwa njia ya nyuma. Tunasema: msifanye hivyo kwa watoto wachanga. Utumbo wao ni mwembamba, dawa hizo zinaunguza na zinaweza kuua. Hata mtu mzima anayetumia lavema kila juma anaufundisha utumbo wake uvivu. La pili ni ule udongo wanaouza sokoni, ambao wanawake wenye mimba wanautafuna. Udongo unafunga choo, unaweza kuleta minyoo, na unazuia chuma cha chakula kisiingie katika damu. Hamu ya udongo mara nyingi ni ishara kwamba damu imepungua. Nenda dispensere wakupime damu.

Sasa tunafika mahali pagumu. Waamini wengi wanakuja kwetu na hofu kwa sababu wamekula katika ndoto. Wanasema wamelishwa usiku, na asubuhi tumbo ni zito. Halafu jina linatajwa: shangazi, mke wa pili, jirani, na mara nyingi zaidi mtoto wa marehemu anayelelewa nyumbani.

Hatukatai kwamba adui yupo. Tunahubiri juu ya adui kila juma. Lakini someni Isaya 29:8. Nabii anazungumza juu ya mtu mwenye njaa anayeota kwamba anakula, kisha anaamka na tumbo lake ni tupu. Isaya hakumtafuta mchawi katika mstari ule. Alijua kwamba mwenye njaa anaota chakula. Na aliyekula mlima wa bukari akalala palepale, usingizi wake unakatika mara kwa mara, na mtu anayeamka mara kwa mara anakumbuka ndoto nyingi kuliko anayelala moja kwa moja. Asubuhi tumbo ni zito kwa sababu chakula cha usiku bado kimo. Kabla ya kutaja jina la mtu, badilisha saa ya kula kwa majuma mawili, uombe, uone.

Na mtoto mwenye tumbo kubwa, miguu myembamba, nywele zinazobadilika rangi, anayekula sana bila kunenepa: huyo si mchawi. Ana minyoo, au anakosa maharagi, samaki na mayai, au vyote pamoja. Dawa ya minyoo ni kidonge cha mebendazole au albendazole, na watoto wanapewa kila miezi sita. Kidonge kile ni cha bei ndogo. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamwadhibu anayemshitaki mtoto kwa uchawi. Lakini hata sheria isingekuwapo, Marko 5:43 inatosha. Bwana alipomfufua binti Yairo, neno lake juu ya mtoto lilikuwa kwamba apewe chakula. Mchungaji yeyote anayeletewa mtoto wa namna hii, aulize kwanza kama mtoto amekula.

Juu ya vidonda vya tumbo tutasema kwa ufupi, kwa sababu somo ni la wanganga. Zamani watu wote, hata wasomi, waliamini kwamba vidonda vinaletwa na mawazo na pilipili. Wanganga wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walionyesha kwamba sababu kubwa ni kijidudu kinachoishi katika tumbo. Watu hawakuwaamini. Mwaka 1984 Marshall alikunywa kijidudu hicho mwenyewe, akaugua. Mwaka 2005 walipewa tuzo ya Nobel. Kijidudu kile kinauawa na dawa zinazomezwa pamoja, mara nyingi kwa siku 10 mpaka 14, na anayeacha siku ya tano kwa sababu amepata nafuu anakilea kikawa kigumu. Sababu ya pili ni vidonge vya maumivu tunavyonunua kwenye meza za njiani: ibuprofen, diclofenac, aspirini. Mtu anavimeza tumbo likiwa tupu, siku baada ya siku, juu ya mgongo, na vinatoboa tumbo. Ndugu mwenye ushuhuda wa uponyaji, tunafurahi nawe. Rudi kwa munganga akuthibitishie, ndipo uache dawa. Wale wenye ukoma kumi katika Luka 17 walitumwa kujionyesha kwa makuhani.

Zipo dalili ambazo hazingoji ibada. Kinyesi cheusi kama lami. Kutapika damu, au kitu kama unga wa kahawa. Damu katika choo. Kukonda bila sababu. Chakula kukwama kooni. Tumbo kuwa gumu kama ubao pamoja na homa. Kutapika wakati choo na gesi vimefunga kabisa. Ukiona moja ya hizo, mpeleke mtu hospitali, Sendwe au ile iliyo karibu nawe, na sisi mtuite tuombe tukiwa njiani. Kuhara maji meupe kama maji ya mchele ni kipindupindu mpaka wapime waseme si hicho. Mtu anaweza kufa katika saa chache. Usingoje kupata gari ndipo uanze kumnywesha: litre moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo 6 vya sukari visivyo na kilima, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Anywe kidogo kidogo, bila kuacha, mpaka afike.

Tumebakiza kufunga, na hapa tunazungumza na nyumba yetu wenyewe. Sisi Wapentekoste tunafunga, na hatutaacha. Lakini si kila mtu afunge namna moja. Mwenye mimba, anayenyonyesha, mwenye ugonjwa wa sukari anayetumia dawa, mwenye vidonda vya tumbo, anayekunywa dawa za kifua kikuu au za virusi, mtoto mdogo: hao wafunge kitu kingine. Wafunge simu, wafunge muziki wa dunia, waamke usiku kuomba. Siku tatu za Esta bila maji zilikuwa za hatari ya kufa kwa taifa zima, na siku arobaini za Musa zilikuwa muujiza. Anayefunga zaidi ya siku moja anywe maji.

Na namna ya kufungua. Tumeona watu wanamaliza siku saba vizuri, kisha jioni ya mwisho wanaangusha bukari, nyama ya mbuzi na sukre baridi, na usiku wanagaagaa. Wanasema adui amekasirika kwa sababu ya maombi. Adui hakuwa na kazi hapo. Tumbo lililopumzika siku nyingi limepunguza kazi zake, linataka kuamshwa polepole. Na baada ya mfungo mrefu sana hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu chakula kingi kikiingia ghafula, chumvi za damu zinaanguka na moyo unaweza kusimama. Mwaka 1945, vita vilipokwisha, wafungwa waliotolewa katika kambi za njaa walikufa wengine kwa sababu ya chakula kingi cha siku ya kwanza.

Sasa someni 1 Wafalme 19, mstari wa 5 mpaka wa 8. Elia amechoka, amekata tamaa, amelala chini ya mti. Malaika anamletea mkate uliookwa juu ya makaa, na maji. Anakula, analala tena. Malaika anarudi mara ya pili, ndipo anakula tena na kupata nguvu ya safari. Mungu, aliyeumba ng'ombe wote, hakumpikia karamu. Alimpa kidogo, akamwacha alale, akampa tena.

Kwa hiyo wamama wanaopika siku ya kufungua, tunawaomba hivi. Saa ya kwanza iwe maji ya uvuguvugu na paipai au ndizi iliyoiva, vipande vichache kwa kila mtu. Baada ya saa moja au mbili, uji mwepesi wa mahindi, kikombe kimoja, chumvi kidogo na sukari kidogo. Kesho yake asubuhi viazi na majani yaliyopikwa bila mafuta mengi. Waliofunga siku nyingi waendelee hivyo siku ya pili nzima. Bukari na mbuzi vingoje siku ya tatu, na mbuzi huyo asichinjwe mapema, maana tunajua harufu yake itakachofanya.